Mashapo Ndani ya Tano

Tuliipa mashine tano, ikaturudishia mia mbili sitini na moja.

Mwalimu aliinama kwenye kioo cha laptopu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Namba ilikuwa palepale. Alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa siku za Jumapili na msimamizi wa mradi wetu siku nyingine zote, na tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Hilo ndilo lililotutisha.

"Nisomeeni mlichoandika hapa," alisema.

Nikasoma. Mstari wa kwanza: umri = 300. Mstari wa pili: umri = 5. Mstari wa tatu: andika umri.

"Kwa hiyo mtu alikuwa na miaka mia tatu, mkasema sasa awe na mitano, akawa na mia mbili sitini na moja."

"Amepungua kidogo, mwalimu," alisema mwenzangu.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Mwalimu hakucheka. Alifungua daftari lake, akatafuta kalenda nyuma ya jalada, akaweka kidole kwenye Jumatano ya baada ya Pasaka.

"Saa nne asubuhi, hapahapa. Ikifanya kazi, sawa. Isipofanya, nitaandika nilichokiona."

Kwa mwenzangu maneno hayo yalikuwa na maana ya kurudia mwaka. Kwangu yalikuwa na maana nyingine. Mimi mwaka nilikwisha kurudia, kwa sababu mwaka uliopita nilikaa viti vya nyuma nikiandika hadithi wakati wengine wanaandika hesabu. Chuoni kwetu Mbeya hakuna mtu anayerudia mara mbili. Mara ya pili unadisko: jina linaondoka ubaoni, unapanga sanduku, unarudi nyumbani. Na nyumbani kwetu ni Ipogolo, Iringa, kando ya barabara kuu, ambako baba yangu anatengeneza springi za malori. Alikuwa amemweleza kila dereva aliyelala chini ya lori akisubiri springi yake kwamba binti yake anaitengenezea kompyuta lugha. Habari hiyo ilikwisha kuvuka mpaka wa Tunduma. Kuirudisha isingewezekana.

Kweli tulikuwa tunatengeneza lugha. Ilikuwa ndogo, yenye maneno tisa ya Kiswahili, na haikuwa na jina kwa sababu mwenzangu alitaka iitwe kwa jina lake na mimi nilitaka iitwe kwa langu. Kazi kubwa ilikuwa kompaila yake, yaani programu inayochukua maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa amri fupifupi ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Tuligawana. Yeye aliandika sehemu inayosoma sentensi na kuipasua vipande. Mimi niliandika sehemu inayotoa amri.

Mwenzangu alizaliwa Soweto, ya Mbeya, mama Mnyakyusa na baba Msafwa, akarithi majivuno ya upande mmoja na ubishi wa upande wa pili bila kupunguza popote. Laptopu ilikuwa yake. Yangu ilikufa Februari, ikiwa na sura nne za riwaya ndani yake, na sijaacha kuomboleza.

Katika lugha nzima, sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile fupi ya kuweka thamani kwenye jina. Umri = 5. Shuleni tulifundishwa kwamba alama ile inasema pande mbili zinalingana. Kwenye programu haisemi hivyo. Ni amri: kifanyie kazi kilichoko kulia, ukipata jibu, kaliweke ndani ya chombo ambacho jina lake liko kushoto. Jicho linaanza kushoto, mashine inaanza kulia. Niliona utamu humo. Ni kama mtu anayetaja mgeni mlangoni kabla hajapika, halafu anakimbilia jikoni.

Chombo chenyewe ni chumba kidogo kwenye kumbukumbu ya mashine, chenye nafasi nne ziitwazo baiti. Na mimi hapo nilikuwa nimefanya ujanja. Nilikuwa nimesikia kwamba mwandishi mzuri anajulikana kwa maneno anayoyafuta, nikaona kama ni kufuta basi nifute na baiti. Namba ikiwa ndogo, kama tano, ya nini kubeba baiti nne? Kompaila yangu ilitazama namba. Ikiwa kubwa ilitoa amri ndefu ya kujaza chumba chote, ikiwa ndogo ilitoa amri fupi ya kuweka baiti moja tu. Mistari kumi na mmoja. Niliisoma mara kwa mara kama mtu anayejisomea barua aliyoandikiwa na mpenzi, ingawa barua niliiandika mwenyewe.

Siku ile mbele ya mwalimu haikunipitia akilini kwamba kosa lilikuwa humo. Vitu vyetu vizuri hatuvishuku.

Chuo kilifunga kwa Pasaka. Mama alinipigia simu akasema niende Kilolo kwa Bibi, mama yake, kwa sababu ana wageni Jumatatu na magoti yanamsumbua. Nikamwambia mwenzangu aniazime laptopu.

"Laptopu haiendi Kilolo bila mwenyewe," alisema.

"Kilolo kuna baridi."

"Mnyalukolo, mimi ni wa Mbeya. Unanitishia baridi?" Mnyalukolo ndivyo anavyotuita sisi watu wa Iringa.

Tulishuka Ipogolo kumsalimia baba. Alitoka chini ya lori, akafuta mikono kwa tambara, akamtazama mwenzangu kuanzia viatu kupanda juu, akaitazama na laptopu iliyobanwa kwapani, kisha akaniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kinachonisomesha. Nikasema ni laptopu. Akasema basi hicho kingine kikae siti ya nyuma.

Kilolo ilitupokea kwa ukungu. Asubuhi mianzi ya Bibi ilikuwa haionekani, inasikika tu ikisuguana juu ya nyumba, halafu kufikia saa tatu inatokea mmojammoja, imelowa, kila mmoja na kikombe chake shingoni. Kikombe hicho kinaitwa mbeta, ni kipande cha mwanzi kilichokatwa na kufungwa kwenye chipukizi changa. Asubuhi na jioni unachonga ncha ya chipukizi kwa kisu, utomvu unadondoka ndani ya mbeta, na utomvu huo ndio ulanzi. Ukiunywa siku hiyohiyo ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anapewa. Ukiuacha ukachacha unakuwa mkangafu, na hapo watoto wanafukuzwa.

Bibi aligema mwenyewe. Alikuwa mfupi, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama ya Kilutheri, na mtu akimuuliza habari za ulanzi na kanisa alijibu kwamba yeye anatengeneza mtogwa tu, na mtogwa ukichacha wenyewe usiku yeye anakuwa amelala.

Mwenzangu alimsalimia "Kamwene" kwa lafudhi ya ndizi na Rungwe.

"Kamwene," alijibu Bibi, akanigeukia. "Huyu ndiye?"

"Siye, Bibi. Tunasoma wote."

"Hata babu yako tulikuwa tunasoma wote."

Alimlaza stoo, pamoja na viazi.

Hao wageni wa Jumatatu walikuwa majirani wanane waliompalilia shamba lake lote la viazi kwa siku mbili. Ukimwalika jirani kwenye palizi kwetu humpi chochote siku ile isipokuwa chakula; shukrani yenyewe ni ulanzi, na uwe mkangafu. Kumpa mtogwa mtu aliyeinama shambani siku mbili ni kumwambia kwamba alikuwa anacheza. Bibi alikuwa na madumu sita ya kujaza, na alikuwa na kanuni ya kuyajaza. Baridi ya Kilolo inauchelewesha ulanzi kuchacha, kwa hiyo msimu wote dumu halioshwi. Chini unaacha vidole vitatu vya ulanzi wa jana, pamoja na mashapo yake, halafu unamimina wa leo juu. Ule wa jana unauamsha wa leo. Kufikia kesho umekuwa mtu mzima.

Jumamosi Bibi aliondoka kwenda mazoezi ya kwaya. Alipofika mlangoni alimwambia mwenzangu, aliyekuwa anaota moto, "Mgeni, nitayarishie madumu." Mimi nilikuwa chini bondeni kuchota maji.

Lazima nimtetee hapa, kwa sababu hajawahi kujitetea vizuri. Mama yake ni Mnyakyusa, na mtoto wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri ukimwambia atayarishe chombo, anakiosha. Aliyanusa madumu yale, akaona aibu kwa niaba ya Bibi. Akachemsha maji. Akatia majivu, akatia sabuni ya unga, akatia kokoto akatikisa. Matano yalikuwa na vile vidole vitatu vya chini. La sita lilikuwa limejaa nusu, mkangafu wa siku tatu ambao Bibi aliuweka maalumu ili ayagawie mengine. Yote alimmwagia nguruwe. Nilipopanda kutoka bondeni nilikuta madumu sita yameinamishwa kwenye uchanja, yanang'aa kama yametoka dukani, na nguruwe amelala chali.

"Nimekusaidia," aliniambia. "Hali ilikuwa mbaya."

Sikumwambia Bibi. Nakiri. Nilihesabu kwamba huenda kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu ulanzi ungejichachia wenyewe, na kwamba mtu asiyejua kitu hawezi kukasirika. Jioni tulipomimina, Bibi alishangaa madumu yalivyo mepesi, akalaumu magoti yake.

Jumapili tulisali. Jumatatu wale wanane walikuja, wakaketi kwenye mabenchi nje ya jiko, wakapokea vikombe vyao kwa mikono miwili. Mkubwa wao, jirani wa upande wa juu, alikunywa cha kwanza chote bila kupumua. Akakitazama kikombe.

"Mama," alimwambia Bibi, "hii ni ya watoto wa kipaimara?"

"Kunywa cha pili, hicho kimetoka chini penye ukali."

Akanywa cha pili. Akanywa cha tatu. Wote walikunywa, kwa bidii na kwa matumaini, kama watu wanaochimba kisima. Kawaida ikifika saa nane kwa Bibi kuna mtu anaimba, kuna mwingine amesamehe ugomvi wa mpaka, na kuna mmoja anatafuta kofia aliyoivaa. Siku hiyo walikuwa wazima kabisa. Wakaanza kukumbuka. Mmoja alikumbuka ni nani aliyeacha magugu kwenye matuta ya mwisho. Aliyetajwa akakumbuka jembe aliloazimisha tangu mwaka juzi. Waliongea kwa sauti za ofisini. Kabla ya saa tisa walikwisha kuaga, wakapita langoni kwa mstari ulionyooka, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye ua ule. Jirani wa upande wa juu alisimama mbele ya Bibi.

"Asante kwa soda, mama," alisema.

Bibi alisubiri wapotee kwenye mianzi. Kisha alichukua dumu moja, akatia pua ndani, akavuta pumzi. Akalitua taratibu.

"Nani ameosha?"

Mwenzangu alinyoosha mkono kama yuko darasani. "Mimi, Bibi. Kwa maji ya moto."

"Kwa maji ya moto."

"Na sabuni."

Bibi alikaa kwenye benchi. Nilidhani atalia, au atampiga. "Mume wangu," alimwambia, kwa sababu alikwisha kuanza kumtania hivyo tangu Ijumaa, na alipokasirika alisahau kuacha, "nani alikufundisha kuosha kitu mpaka kikasahau? Dumu langu lina miaka kumi. Lilikuwa linajua. Sasa ukilitia maji litatoa maji, ukilitia uji litatoa uji. Umeniachia dumu lisilojua chochote."

Mwenzangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mdomo wazi.

"Kile tulichokitia ndicho kitakachotoka," nilimwambia mwenzangu.

"Usinicheke, mnyalukolo. Leo siyo siku."

"Sikucheki. Leta laptopu."

Bibi alitutazama tukikimbilia stoo, akasema kwamba huko ndiko wanakokimbiliaga watu wanaosema wanasoma wote.

Tuliketi juu ya magunia ya viazi nikamwonyesha. Baiti moja haiwezi kushika zaidi ya mia mbili hamsini na tano. Mia tatu haienei, kwa hiyo inakaa kwenye mbili: moja inashika arobaini na nne, na jirani yake inashika kipande kimoja cha mia mbili hamsini na sita. Halafu inakuja tano, namba ndogo. Ujanja wangu unaitia kwenye ile baiti ya kwanza tu. Arobaini na nne inaondoka, tano inaingia. Jirani haguswi. Mia mbili hamsini na sita imebaki chini, imetulia, inasubiri wa leo amiminwe juu yake.

"Mia mbili hamsini na sita na tano," alisema mwenzangu. Alihesabu kwa vidole ingawa hakuhitaji. "Mia mbili sitini na moja. Tumetengeneza ulanzi."

"Tumetengeneza mkangafu."

"Na mwalimu anataka mtogwa."

Tulicheka mpaka viazi vikaporomoka. Kisha nikafanya jambo la kipumbavu. Dawa ilikuwa wazi: kuufuta ule ujanja, kila namba ibebwe kwa baiti zake nne, chumba kijae chote, mashapo yasipate pa kubaki. Lakini mistari ile kumi na mmoja nilikuwa naipenda. Nikaiacha. Badala yake niliongeza mmoja: kabla ya kazi yoyote ya kuweka thamani kwenye jina, kompaila itoe kwanza amri ya kukisafisha chombo, kukijaza sifuri. Kiosheni, halafu mimineni. Tukajaribu mia tatu kisha tano, ikatoka tano. Tukajaribu elfu moja kisha saba, ikatoka saba. Tulijaribu mara kumi kitu kilekile, tukaita huo ni uhakika.

Kabla hatujaondoka Jumanne, mwenzangu alipanda peke yake kwa jirani wa upande wa juu, akarudi na dumu dogo la mkangafu aliloomba kwa maelezo ambayo hajawahi kuniambia. Alilimimina kidogokidogo kwenye madumu yote sita, vidole vitatu kila moja, Bibi akisimamia. Bibi hakusema asante. Alimfungia viazi.

Jumatano saa nne mwalimu alikuwa ameshakaa. Aliandika mwenyewe ile mistari mitatu. Ikatoka tano.

"Nini ilikuwa shida?" aliuliza.

Nilikuwa nimejiandaa na maelezo ya kitaalamu, yakakataa kutoka. Yaliyotoka ni ya Kilolo. Nikamweleza kuhusu dumu lisilooshwa, na ulanzi wa jana unaobaki chini vidole vitatu kuuamsha wa leo, na kwamba kompaila yetu ilikuwa inaiachia kila namba mashapo ya namba iliyotangulia. Alisikiliza huku kalamu imesimama hewani.

"Vidole vitatu ni vingi," alisema. "Masika viwili vinatosha."

Mwenzangu alitazama dari kwa heshima.

"Nimesikia watu wakisema," aliongeza mzee wa kanisa. Akavuta laptopu karibu yake, haraka kidogo. "Sasa ihesabu mpaka kumi."

Akaandika programu fupi: hesabu = 0, halafu rudia mpaka hesabu ifike kumi, na kila ukirudia, hesabu = hesabu + 1, na uiandike. Programu ya mtoto. Akabonyeza.

Moja, ikaandika mashine. Moja. Moja. Moja. Moja zilishuka kwenye kioo kama mvua ya Kilolo, bila haraka ya kukatika.

"Inasisitiza," alisema mwenzangu, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba.

Mwalimu aliziangalia moja zikipita mpaka akaridhika kwamba hazina mpango wa kuwa mbili. Alitazama saa. Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeanza kupanga sanduku kichwani, nikiwa nimefika kwenye viatu.

"Nakwenda kunywa chai," alisema. Alifika mlangoni akageuka. "Chai. Nikirudi naandika."

Mlango ulipofungwa mwenzangu aliivuta laptopu mapajani. Tukaichapisha kwenye kioo orodha ya amri ambazo kompaila ilizitoa kwa ule mstari wa hesabu = hesabu + 1. Zilikuwa nne. Jaza sifuri kwenye hesabu. Chukua kilichomo kwenye hesabu. Ongeza moja. Hifadhi kwenye hesabu.

Tuliuona wote kwa wakati mmoja. Safari hii jina lilikuwa pande zote mbili. Ili kuipata mbili ni lazima uchukue ile moja ya zamani iliyoko chomboni, na mimi nilikuwa nimeimwaga kabla haijachukuliwa. Kila mzunguko mashine ilikuta sifuri, ikaongeza moja, ikaandika moja, ikaosha.

"Umemmwagia nguruwe," alisema mwenzangu polepole.

"Nimemmwagia nguruwe."

"La sita. Lililojaa nusu. Nililosemwa siku mbili kwa ajili yake."

"Ihamishie chini hiyo amri ya sifuri. Ikae kabla ya kuhifadhi. Tuchukue, tuongeze, ndipo tuoshe."

Alianza kuihamisha, akaacha. Alisoma mistari yangu kumi na mmoja, midomo ikicheza. "Kwani tunaosha kwa sababu gani?"

"Kwa sababu namba ndogo haijazi chumba."

"Na haijazi kwa sababu gani?"

Nilinyoosha mkono kuivuta laptopu, akaizuia.

"Ukiitia tano na sifuri zake tatu, chumba kinajaa. Hakuna cha kuosha. Hakuna cha jana. Huu uoshaji umekuja kuutunza huu ujanja wako, dada. Futa vyote."

"Ile ndiyo sehemu nzuri kuliko zote."

"Nzuri kwa nani? Mashine imeisifu?" Alinigeuzia laptopu. "Mimi sifuti kazi ya mtu. Futa mwenyewe."

Katika maisha yangu ya kuandika nimefuta kurasa, nimefuta wahusika waliokwisha kupendwa, na sura nne nilifutiwa na Februari. Hakuna kilichouma kama ile mistari kumi na mmoja. Niliifuta kuanzia chini kwenda juu, mmoja baada ya mwingine, ili nisiusome wa kwanza. Kisha nikaufuta na ule wa kuosha. Kilichobaki kilikuwa kifupi hata nikaona aibu: fanyia kazi upande wa kulia, hifadhi upande wa kushoto, baiti zote nne. Mtu yeyote angeliandika hilo siku ya kwanza.

Tulianza kuijenga kompaila upya, na laptopu ya mwenzangu hujenga kwa kupumua kama mtu anayepanda mlima. Mstari wa maendeleo ulifika nusu tukasikia viatu kwenye korido. Ulifika robo tatu, kitasa kikazunguka. Mwalimu aliingia akiwa na chembe ya andazi kwenye kidevu, akakaa, akasubiri. Mashine ikamaliza. Hatukuwa tumeijaribu hata mara moja.

"Imo?" aliuliza.

"Imo," nilisema, na sikujua.

Akabonyeza.

Alisoma namba kwa sauti zilivyokuwa zikitokea, chinichini, kwa utulivu uleule anaotangazia namba za nyimbo kanisani. Moja. Mbili. Kwenye mbili mwenzangu alinishika mkono, akakumbuka, akauachia. Tatu. Nne. Mwalimu aliendelea mpaka kumi, akanyamaza, akasubiri kama kuna kumi na moja. Haikuja. Akarudi kwenye umri wa mia tatu, akaufanya mitano. Ikatoka tano. Akajaribu kubadilishana vyombo viwili kwa kutumia cha tatu, akajaribu namba hasi, akajaribu kuweka jina ndani ya jina jingine na jingine. Kila alichokitia ndicho kilichotoka.

Akafunika laptopu, akafungua daftari, akaandika kitu kifupi ambacho tuliona mgongo wa kalamu tu.

"Nendeni," alisema.

Hatukuondoka. Mwenzangu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Mwalimu, tumefaulu?"

"Nimesema nendeni." Alikuwa anatafuta ukurasa wa kundi linalofuata. "Aliyefeli huwa namwambia akae."

Tulisimama haraka mno. Kiti changu kilianguka, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kurudi kukiinua.